Matundu ya Landrova ya Severin

Kwa miaka mingi, aliyepita mbele ya nyumba ya mzee Severin pale Kinole siku ya Jumamosi hakumwona Yohana, aliona nyayo zake tu. Zilikuwa zimechomoza chini ya Landrova, vidole vikitazama mbinguni, visigino vimezama kwenye tope. Watoto waliziamkia shikamoo nyayo hizo, nazo zikaitikia marahaba, na wakubwa wakacheka wakaendelea na safari zao. Mtu mzima, baba wa watoto, anashinda uvunguni mwa gari kama kuku anayeatamia. Hivyo ndivyo walivyomwona, na kabla hujamwonea huruma ujue kwamba yeye mwenyewe hapo ndipo alipokuwa na raha.

Landrova yenyewe ilikuwa mia na tisa ya zamani, ile ndefu iliyoitwa hivyo kwa inchi za urefu wake, zile ambazo siku hizi unakutana nazo moja moja. Iliwahi kuwa ya Fidahussein, mfanyabiashara wa mjini Morogoro aliyepanda milimani kununua karafuu na pilipili manga, na Severin ndiye alikuwa dereva wake. Fidahussein alipozeeka, na wanawe wakataka magari mapya yenye vioo vyeusi, alimwachia dereva wake gari hilo kwa utumishi wake, akamwambia, "Severin, juu usihangaike napo. Angalia chini." Haikuwa hekima kubwa, yalikuwa maelezo ya gari tu. Lakini Severin alikuwa mtu wa kushika neno, akalishika hilo, na mwanawe Yohana akalishika kuliko yeye.

Maana Landrova ya namna ile ina mambo yake. Bodi ni ya alumini, haioti kutu hata ukiisahau mvuani. Anayeitazama kwa juu ataona gari zima, limebonyea hapa na pale lakini zima. Kinachobeba kila kitu ni chesisi, fremu ndefu ya chuma iliyo wazi kwa ndani kama mwanzi, na chuma hicho ndicho kinacholiwa. Waliolitengeneza walijua kwamba maji yataingia humo, wakaacha matundu upande wa chini ili yatoke. Sasa chukua tope jekundu la barabara ya Kinole wakati wa masika, lirushe humo safari baada ya safari, uone kama matundu hayo yatabaki wazi. Yakiziba, maji yanalala ndani ya chesisi miezi na miezi, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoiona kwa macho, imeshamaliza kazi.

Ndiyo maana ya zile Jumamosi. Yohana alikwangua tope kwa ubapa wa mwanzi, asije akachubua chuma. Kisha alichukua waya uliotolewa kwenye tairi lililochomwa, akaupitisha katika kila tundu, akauzungusha mpaka maji ya kahawia yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Alisuuza kwa maji ya mfereji, akaliacha gari likauke, na hapo hakusikiliza mtu. Abiria walilalamika, wenye ndizi walinung'unika kwamba zinaiva, Severin akawajibu kuwa gari limelala. Chini pakishakauka kabisa ndipo dawa ilipopakwa.

Dawa hiyo huwezi kuikuta dukani. Oili chafu ilitoka gereji ya Mkuyuni, na nta ilitoka kanisani. Mzee Emmanuel, katekista wa kigango, aliwawekea vipande vya mishumaa vilivyobaki baada ya misa, na Pasaka ikipita aliwapa furushi zima. Walikuwapo waliochukia. Mama mmoja wa jumuiya alisimama akauliza inakuwaje mishumaa ya altare ikapakwe makalio ya gari. Emmanuel akamjibu kwamba gari hilo linamleta padre, linashusha wagonjwa na kupandisha majeneza, lina kazi nyingi za kanisa kuliko yeye anayeuliza. Neno likaishia hapo. Yohana aliyeyusha nta katika debe, akaichanganya na oili, akapaka ingali ya moto, kila pembe na kila kiungo, nyingine akaisukuma ndani ya matundu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, akihakikisha yanabaki wazi. Nguo zake zilinuka gereji na misa kwa pamoja, na mkewe Modesta alizifua peke yake, mbali na za watoto.

Mama yake Yohana, Veronika, hakuichukia harufu hiyo. Aliijua tangu mumewe alipokuwa kijana wa Fidahussein. Moyo wake ulikuwa umetanuka, ndivyo walivyomwambia hospitali ya mjini, na kila mwezi ilibidi ashuke kliniki. Kulala hakuwezi, pumzi inakata. Pikipiki haiwezi, miguu imejaa maji. Alichoweza ni kukaa wima kwenye kiti cha mbele cha Landrova, mlango umefungwa kwa kamba, kanga mbili mabegani, akiwapungia watu njiani kama bibi harusi. Masika yakichachamaa, gari lingine halipandi Kinole. Kwa hiyo Yohana alipokuwa chali kule chini, tope likimdondokea machoni, alijua vizuri anamtengenezea nani.

Severin alikufa kiangazi kimoja, kwa homa ya siku chache, na gari likatafutiwa mrithi. Kwa Waluguru ukoo, lukolo, unafuata mama. Mtoto si wa ukoo wa baba yake. Mali ya mwanamume inarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake, na mtoto wake mwenyewe anatazama kwa wajomba. Siku hizi mambo hayo yamelegea, wengine wanaandika wosia, wengine wanakwenda mahakamani. Severin hakuandika kitu. Siku ya kumaliza matanga ukoo wake ulikaa uani, shangazi Paskalia, dada mkubwa wa marehemu, katikati, na neno likatoka: gari linakwenda kwa Gervas. Gervas alikuwa mtoto wa Paskalia, mkazi wa Kihonda mjini, muuza magodoro. Hakuwahi kuinama chini ya gari lile hata kuokota kofia iliyoanguka.

Watu walimgeukia Yohana waone atasema nini. Aliangalia vidole vyake vya miguu, vile vile vilivyozoeleka. Na hapa tusimsingizie upole. Shamba la mikarafuu alilokuwa akilima, lile zuri linaloelekea kijitoni, lilikuwa la mjomba wake. Mjomba alipokufa, binti yake Theresia, aliyeshika jembe pale tangu mdogo, alikaa uani vilevile, akasikia vilevile kwamba mali inakwenda kwa mtoto wa dada, na mtoto wa dada alikuwa Yohana. Alilipokea kwa mikono miwili na wala hakukosa usingizi. Sasa angefungua kinywa aseme nini? Mila aliyoila kwa wajomba ilikuwa imekuja kumla kwa baba.

"Unajua kuongea na vyuma tu," Modesta alimwambia wakiwa njiani kurudi nyumbani. "Siku ya kuongea na watu unakuwa bubu."

Gervas hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuumiza Yohana zaidi, kwa sababu angekuwa mbaya kungekuwa na pa kutemea mate. Aliliacha gari likafanya kazi milimani. Alishusha ndizi na mananasi, akapandisha magodoro na saruji, na kliniki ya Veronika hakuikosesha hata mwezi mmoja. Alimwita mama, akamfunga ile kamba mlangoni kwa mikono yake. Ila gari alilitazama kama wengi wanavyotazama magari, yaani kwa juu. Masika ya kwanza yalipokaribia alilipeleka mjini, likakaa huko siku kadhaa, likarudi limepakwa rangi ya kijani, lina spika mbili kubwa, na chini limepulizwa lami.

Alilileta moja kwa moja uwanja wa kanisa, siku ya Jumapili, watu wakiwa wanatoka. "Inameni muone," aliwaambia. "Fundi amelifunika lote. Kutu ikalale kwingine." Watu waliinama. Uvungu ulikuwa mweusi, unang'aa, laini kama sufuria jipya, na sifa zikaanza. Wapo waliosema sasa gari limekuwa gari. Mwingine alisema yale mambo ya mishumaa yalikuwa ushamba, na aliyesema hivyo alishawahi kupandishiwa jeneza la baba yake kwa gari hilohilo.

Yohana naye aliingia chini. Alipitisha kiganja kwenye chesisi, mahali anapopajua hata akiwa amefumba macho, akitafuta tundu la kwanza. Hakulipata. La pili hakulipata. Lami ilikuwa imepita juu ya yote, na juu ya tope kavu ambalo hakuna aliyejisumbua kulikwangua. Alibonyeza kwa dole gumba akasikia uvimbe. Wamelipaka likiwa chafu, wakayafungia maji ndani. Alitoka akajipangusa suruali.

"Binamu, matundu yamezibwa."

"Matundu gani?"

"Ya kutolea maji. Hapa chini. Yakizibwa chesisi inaoza."

Sasa ujue kwamba hao walikuwa mabinamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, na mabinamu wana utani wao. Wanaweza kuambiana lolote mbele za watu na hakuna wa kununa. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji. Gervas alimshika bega, akawageukia watu. "Mnamsikia huyu? Mimi nikifa ataniosha kwa oili chafu, kisha anitoboe nisilowe." Uwanja mzima ulicheka, na Yohana ilibidi acheke nao. Halafu akasema tena, bila kucheka, "Hili litavunjika, Gervas. Na mama yangu anakaa humo."

Kicheko kilikatika kidogo. Kisha sauti ya mwanamke nyuma ikasema, taratibu tu, "Wivu huo." Ikatosha. Pale pale Yohana alielewa amekwama wapi. Angekuwa mtu baki, mpita njia, fundi wa Mkuyuni, neno lake lingepimwa. Yeye alikuwa mtoto aliyenyimwa gari. Lolote ambalo angesema juu ya gari lile, tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, lingeitwa wivu.

Alimwambia mama yake asipande. Veronika alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni. "Na nipande nini, mwanangu?" alimuuliza. Mwezi ule akapanda, na mwezi uliofuata, na gari likaenda na kurudi salama, na kila liliporudi salama Yohana alizidi kuonekana mwongo.

Mvua zilipokolea alianza kuyasikia. Gervas akishika breki pale njia panda, ndani ya chesisi kulisikika maji yakijigonga mbele, halafu yakarudi nyuma. Yohana aliyasikia kwa masikio yake, akawauliza waliosimama karibu kama wanayasikia. Walimwambia labda ni dumu la mafuta. Jumapili moja gari lilikuwa limeegeshwa kanisani, Gervas yuko ndani na watu wote, nyimbo za matoleo zinaimbwa, na Yohana, ambaye hakuwahi kukosa misa, alikuwa chini ya gari na waya wake. Alikata lami ya tundu la kwanza, maji yakamwagika kama bomba lililofunguliwa, meusi, yananuka chuma. Akafungua la pili, la tatu. Alikuwa akicheka peke yake kule chini. Tangu baba yake afe hakuwa amecheka namna ile.

Nyimbo zilikoma asijue. Mtu alimshika miguu akamvuta nje, na alipofumbua macho watu wote wa kigango walikuwa wamemzunguka, na pembeni mwake kulikuwa na waya na vipande vya lami. Gervas safari hii hakutania.

"Unanifanyia nini kwenye gari?"

"Nalitoa maji."

"Maji ya nini? Gari langu ni nazi?"

Shangazi Paskalia alipita katikati ya watu. Alikuwa amevaa sare yake ya wanawake wakatoliki, rozari ingali mkononi. Hakupaza sauti. "Yohana mwanangu," alisema, "toka chini ya mali ya watu." Mali ya watu. Yohana aliokota waya wake akaenda nyumbani bila kupokea komunyo. Gervas alilirudisha gari kwa fundi, likapulizwa tena, safari hii lami nzito zaidi, na tangu hapo hakuliegesha mahali pasipo na macho.

Masika mengine yalikuja. Yohana alikuwa shambani akipalilia, mvua inanyunyiza, simu ikaita. Ilikuwa siku ya kliniki.

"Binamu," alisema Gervas, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Njoo. Gari limekaa chini."

Alikimbia mteremko wote. Alilikuta kwenye kona ya chini ya kijiji, limevunjika nyuma ya kabini, tumbo liko barabarani, pua imeinuka juu. Halikupinduka, halikugonga, hakuna aliyechubuka. Liliingia kwenye korongo dogo ambalo lilikuwa limelivuka mara nyingi tu, chesisi ikaachia. Mikungu ya ndizi ilikuwa imemwagika, na kutoka kwenye chuma kilichokatika maji yalikuwa bado yanadondoka. Veronika alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kamba imefungwa, anavuta pumzi kwa mabega. Gervas alikuwa amesimama dirishani amemshikia mwavuli, anatokwa machozi. Barabara ilikuwa imezibwa, na hata isingezibwa, hakukuwa na gari lingine la kupanda.

Walikata miti, wakafunga kanga na turubai la magodoro, wakatengeneza machela ya kumkalisha nusu wima. Yohana alishika mbele, Gervas nyuma, wengine wakapokezana. Waliteremka na mvua. Njiani Veronika alimwinamia mwanawe sikioni akasema, "Leo hunuki mishumaa." Yohana alimwambia asiongee, atunze pumzi. Hakuongea tena. Alikufa kabla hawajaziona nyumba za kwanza za Mkuyuni, na wao walitembea kipande kirefu bila kujua.

Yohana hakumkumbusha mtu kwamba alishasema gari litavunjika. Hakutaka. Aliona wamelia pamoja, wamebeba pamoja, litakuwa limeeleweka lenyewe. Hapo ndipo alipokosea. Bado wako msibani, wanaume fulani wa ukoo wa Severin walishuka kuliangalia gari, wakapiga magoti barabarani, wakachungulia, na pale lami ilipopasuka na kubanduka wakaona kitu ambacho hawajawahi kukiona. Matundu. Ya mviringo, safi, yamejipanga upande wa chini wa chesisi, na moja limepita pale pale chuma kilipokatika. Walirudi nyumbani hawana damu usoni. Mmoja aliyapiga picha kwa simu, na kabla ya jioni kila mtu Kinole alikuwa ameiona. Tundu halitokei lenyewe, linatobolewa na mtu. Na wote walikumbuka ni nani aliyekutwa uvunguni na chuma mkononi, na ni nani aliyesema mbele ya kanisa kwamba litavunjika.

Ukoo ulikaa tena uani, palepale, shangazi Paskalia katikati.

"Siku ile kanisani," alimuuliza, "ulifanya nini chini ya gari?"

"Nilizibua matundu, shangazi."

"Kwa hiyo matundu unayajua."

"Nayajua tangu mdogo. Yalikuja na gari. Waliolitengeneza ndio waliyaweka."

Mzee mmoja aliuliza ni nani mwenye akili anayetengeneza gari halafu akalitoboa. Yohana alieleza. Alieleza maji, tope, mwanzi wenye uwazi ndani, alieleza mpaka akajisikia anapayuka. Alisema nendeni mjini mkaangalie chini ya Landrova yoyote ya zamani. Wakamwambia hawakukaa pale kuzungumzia magari ya watu. Alimtazama mzee Emmanuel, aliyempa mishumaa miaka yote ile, amsemee kidogo. Emmanuel alikuwa mtu wa kweli, na kweli ni kwamba aliitoa nta lakini hakuwahi kuinama kuona inapakwa wapi. Alitazama pembeni. Gervas naye alikuwa ameinamisha kichwa, na Yohana hakuweza kujua kama anamwamini au anashukuru kwamba kosa limepata mwenyewe. Modesta alikuwa upande wa wanawake, anaangalia mikono yake.

"Hatusemi ulikusudia kumuua mama yako," alisema Paskalia mwishoni, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Hakuna mtoto wa hivyo. Ulitaka gari liharibike tu, uchungu ukakuzidi. Tumekusamehe. Na gari lichukue, lilikuwa la baba yako. Lifute machozi."

Yohana alisamehewa hivyo, mbele za watu, kosa ambalo hakulitenda, akapewa gari alilolitunza maisha yake yote siku ambayo halikuwa gari tena. Akasema asante, shangazi. Ungesema nini? Ukoo ukiwa umekusamehe huwezi kukata rufani hapohapo. Walikula, wakaagana, na watu wengine walimpa mkono kwa upole, na yeye angependa zaidi wangemtemea mate.

Nyumbani Modesta alimwekea maji ya kuoga na chakula chake. Hakumuuliza neno juu ya matundu, siku ile wala siku zilizofuata. Yohana alikishukuru kimya hicho. Dunia yote ilimuuliza, huyu hakumuuliza, na yeye akaona kwamba hiyo ndiyo imani, kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye hahitaji kuelezwa. Aliegemea hapo. Baada ya misa ya arobaini ya Veronika, mzee Emmanuel alimfuata mlangoni mwa kanisa akampa furushi la vipande vya mishumaa, kwa mazoea tu, mkono ulishazoea. Walitazamana, mzee akagutuka, lakini furushi lilikuwa limeshapokewa. Yohana alilipeleka nyumbani akalitia kwenye debe, na Modesta akalisukuma debe chini ya meza.

Kiangazi kilipofika alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu wa Gairo, na lori dogo na mitungi ya gesi ya kukatia. Alikuwa akizunguka vijiji vyote. Yohana alimpeleka kwenye kona, wawili tu, jua la saa nne. Mtu yule aliligongagonga gari, akasifia bodi ya alumini, akajilaza chini kuangalia chesisi. Alikaa huko kidogo. Kisha sauti yake ikatoka uvunguni, ya mtu anayejisemea.

"Haya matundu ya maji aliyaziba nani? Wameliua gari bure."

Yohana aliushika mlango wa upande aliokuwa akikaa mama yake. "Sema tena," alimwambia.

"Matundu ya kutolea maji. Mia na tisa zote zinayo. Mtu amepuliza lami juu yake. Na ona hapa mbele, chini ya lami, kuna grisi ya zamani sijui ya nini, hapa chuma kizima kabisa, kama jana." Alitoka akijipangusa. "Lilikuwa na mwenyewe, gari hili."

"Twende kijijini," alisema Yohana. "Si mbali. Kuna mama mmoja, shangazi yangu. Ukamwambie maneno hayo tu, basi. Chuma chukua, sitaki kitu."

Mtu wa Gairo alimtazama, akaona machozi, akaogopa. Anayekuja kijiji cha watu kununua vyuma hujifunza mapema kutoingia katika kesi zao. "Mzee, mimi nanunua chuma," alisema. "Mambo yenu ya ukoo mtayamaliza wenyewe." Akawasha moto wake, akaanza kukata, na alianza na pale chesisi ilipovunjika. Kufikia alasiri kipande chenye matundu kilikuwa ndani ya lori, katikati ya sufuria na vitanda vya watu wengine, kinateremka kuelekea Mkuyuni.

Yohana alipanda nyumbani polepole. Hakuwa na huzuni sana. Alikuwa amelisikia neno lile kwa mdomo wa mtu mwingine, na alikuwa na mtu wa kumpelekea. Modesta alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Yohana alivuta kigoda, akamsimulia yote, lami, matundu, grisi ya zamani, mpaka ile sauti ya uvunguni.

Mikono ya Modesta ilisimama. "Kasema hivyo? Kwamba matundu yalikuwapo tangu mwanzo?"

"Kasema hivyo."

"Mwenyewe, bila wewe kumuuliza?"

"Bila kumuuliza."

Modesta alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani, na uso wake, ambao tangu msiba ulikuwa umekaza, ukalegea.

"Kumbe," alisema.

Alirudi kwenye mchicha wake, na baada ya kitambo akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiimba zamani. Yohana alibaki ameketi kwenye kigoda, akimsikiliza, na kile kimya alichokiita imani akakielewa upya.